Mtani wa Chooni

Choo cha Lango la Tatu kilikuwa na adabu kuliko watu wengi wa mji wa Wembere. Mtu akiingia alfajiri akajisaidia haja ndogo, kabla hajamaliza kujifunga mkanda taa iliwaka ukutani na sauti ya mwanamke ikamwita kwa jina.

"Umeamkaje, Mihayo? Figo zako ni kijani. Kunywa maji, mtani wangu, usije ukakauka kama dagaa."

Nje, foleni ya wachungaji ilicheka. Kauli hiyo walikuwa wakiisikia kila siku ya kazi na bado iliwachekesha, kwa sababu sauti ile ilikuwa na lafudhi ya Kizigua isiyofichika, na karibu wote waliopanga foleni walikuwa Wanyamwezi. Mihayo Lugendo alitoka akijifuta mikono, akageuka kukijibu choo.

"Na wewe endelea kunywa mikojo, mtani. Ndiyo chai mliyoizoea kwenu Handeni!"

Wakacheka tena. Mihayo akanywa kikombe chake cha dawa ya Tulizo kama wenzake wote, akachukua fimbo yake ya umeme, akaingia kwenye vioo. Hakutoka kwa miguu yake.

Choo hicho kiliitwa Msikizi, na kazi yake haikuwa mzaha. Enzi hizo nyika yote ya Wembere ilikuwa imetandikwa vioo vya kukamata jua, na umeme wake uliwasha nusu ya Afrika Mashariki. Vumbi la magadi la nyika ile lilinata kwenye vioo kama uji, kwa hiyo maelfu ya roboti wadogo walioitwa mafagizi walitambaa juu yake kutwa nzima wakivifuta. Lakini fagizi naye hukwama. Vumbi likimwingia magurudumuni hulala chali kama mende, na hapo lazima apatikane mtu wa kumgeuza, kumsafisha na kumrudisha kwenye mstari. Watu hao ndio walioitwa wachungaji. Walitembea katikati ya vioo, jua likiwachoma kutoka juu na kutoka chini, na joto la huko lilitosha kumlegeza ng'ombe.

Kinachoumia kwanza katika joto la namna hiyo ni figo. Figo imejengwa kwa mirija myembamba kuliko unywele, na kila mrija umezungushiwa seli. Seli zote za mwili zina jeni zile zile, ila hakuna seli inayoziwasha zote kwa pamoja, kama ilivyo nyumbani ambako huwashi taa za vyumba vyote. Seli ya figo ikikaukiwa na maji, joto likaizidi, huwasha jeni za dhiki. Zipo zinazotengeneza protini za kuzishikilia zile protini nyingine zilizoanza kupinda kwa joto. Zipo zinazoingiza ndani vitu vya kuvuta maji ili seli isinyauke. Na zipo zinazopiga yowe, yaani zinazotoa vipande vya ujumbe ambavyo humwagika ndani ya mkojo. Msikizi aliusoma ujumbe huo palepale. Yowe likiwa dogo alitangaza njano, na mchungaji alipelekwa kivulini. Likiwa kubwa alitangaza nyekundu, na lango lilikataa kufunguka. Kipimo cha zamani cha damu kilikuwa kinaonyesha ubaya baada ya figo kuharibika; Msikizi aliusikia kabla.

Aliyeibuni mashine hiyo ni Dokta Mwantumu Semkiwa, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa haraka, Mzigua asiyeona haya kuwa Mzigua. Siku za majaribio alikosa mtu wa kurekodi sauti, akajirekodi mwenyewe, na kwa utundu wake akachomeka maneno ya utani. Wazigua na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Utani huo haukufa reli ilipokuja, haukufa ndege zilipokuja, na haukuwa na sababu ya kufa eti kwa kuwa sasa kuna roboti. Wachungaji waliipenda sauti ile kupita kiasi. Wengi hawakuwahi kumwona mwenyewe uso kwa uso, ila walimwita Mtani wa Chooni, naye jina hilo lilimfurahisha kuliko shahada zake.

Tatizo likawa kwamba Msikizi alisikia mno. Kila kiangazi taa nyekundu ziliongezeka, mafagizi yakalala chali bila wa kuyageuza, na wakubwa wa Shirika lenye vioo wakaanza kumuuliza Mwantumu kama hakuna namna. Namna ilikuwepo, tena ya kisayansi kabisa. Jeni za dhiki zikikaa zimewaka muda mrefu, seli huanza kujenga makovu, na figo yenye makovu haichuji kitu. Mwantumu akatengeneza chembe ndogo sana zilizokwenda moja kwa moja kwenye seli za mirija na kuzima swichi za jeni hizo. Zilitiwa kwenye maji ya ndimu, kikombe kimoja kila asubuhi, zikaitwa Tulizo. Makovu yakapungua kweli. Nyekundu zikatoweka. Mwantumu alivishwa nishani, akapiga picha na mawaziri, na mama yake kule Handeni akaitundika picha hiyo sebuleni juu ya televisheni.

Sasa Mihayo alianguka katikati ya vioo akiwa na kijani chake cha asubuhi ileile, akafia hospitalini. Madaktari wakakata kipande cha figo yake wakakipeleka maabara kwa Mwantumu, maana hawakuelewa walichokiona.

Yeye alielewa, na alielewa haraka kuliko alivyopenda. Aliiweka nyama ile kwenye mashine ya kuchora jeni, ambayo huonyesha kila jeni iliyowaka kama nukta ya mwanga. Figo ya mtu aliyekufa kwa joto ilipaswa kuwaka kioo kizima cha mashine. Ile ilikuwa giza. Seli zilikuwa zimekufa safu kwa safu, na hakuna hata moja iliyopiga yowe. Zilikuwa zimezibwa midomo, na aliyeziziba ni yeye. Zile jeni za dhiki hazikuwa kelele tupu. Ndizo zilizokuwa zikiitengeneza seli wakati zikilia. Tulizo ilizinyamazisha zote, za kulia na za kutengeneza, kisha mtu akarudishwa kwenye joto lilelile. Na Msikizi, ambaye kazi yake ni kusikiliza yowe, akasikia kimya na kusema kijani.

Kilichomwumiza zaidi ni kwamba aliwahi kuliona jambo hilo. Maabara walikuwa wakiotesha vifigo, yaani figo ndogondogo kama punje ya mtama, na siku moja trei nzima ya vifigo vilivyotiwa Tulizo na kuwekwa kwenye joto ilikaa shwari kwa siku kadhaa, halafu ikabomoka yote kwa mpigo. Mwantumu aliitazama trei ile kwa muda. Kisha akamwambia msaidizi wake, "Imeingia uchafu, itupe," na siku hiyohiyo akaenda kupima gauni la sherehe ya nishani. Alipolikumbuka gauni lile sasa, uso ulimchoma akiwa peke yake chumbani.

Alimwendea mkurugenzi wa Shirika, akamweleza yote. Mkurugenzi alimsikiliza kwa makini sana, kama wafanyavyo watu ambao hawatafanya kitu.

"Tutaunda kamati," alisema. "Mpaka kamati ikae, zamu ziendelee. Wewe nenda kawape pole wafiwa, maana wale watu wanakupenda. Ila usitoe maelezo, Dokta. Maelezo yatatolewa na kamati."

Mwantumu alitoka pale. Aliingia stoo ya maabara, akachukua kisanduku cha karatasi za zamani za kupimia damu ambazo hakuna aliyezigusa tangu Msikizi aje, akapanda gari lake lijiendeshalo na kuliambia limpeleke mtaa wa wachungaji. Alikuwa ameamua kuwaambia. Njiani alilitunga tamko lake neno kwa neno, akalirudia kwa sauti ndogo mpaka gari likamuuliza kama anahitaji msaada.

Msibani kulikuwa na turubai kubwa, wanaume kwenye mikeka upande mmoja, wanawake na masufuria yao upande wa pili. Mihayo alishazikwa, ndugu walikuwa wakimalizia matanga. Mwantumu alisimama ukingoni mwa turubai, akavua viatu, akasema kwa unyenyekevu, "Hodi jamani. Poleni sana na msiba."

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Hakuna aliyeijua sura ile, lakini sauti waliijua kama wanavyojua ya mama zao.

"Haa!" alipaza mchungaji mmoja. "Choo kimekuja msibani!"

Turubai lilipasuka kwa kicheko. Mzee Maganga, mjomba wa marehemu na msemaji wa familia, aliinuka kwa shida akaja kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu, mtani, karibu. Tulikuwa tunajiuliza, msiba gani huu wa Mnyamwezi hauna hata Mzigua mmoja wa kututukana? Tukasema labda wameishiwa nauli."

Kwa watu hawa msiba bila mtani ni msiba uliopungukiwa. Mtani ndiye anayeruhusiwa kumsema marehemu, kumwigiza, kulala juu ya kaburi akidai fidia, kuiba kuku wa wafiwa mchana kweupe. Wafiwa hulia na ndugu zao. Na mtani kazi yake ni kuwachekesha, na chochote atakachokisema hakishikwi. Mwantumu aliyajua haya yote. Amekua nayo. Lakini kwa mawazo aliyokuja nayo alikuwa ameyasahau kabisa, na bila kusubiri hata kukaribishwa kuketi akaanza kulitoa neno lake.

"Nimekuja kusema jambo moja. Mihayo sikumpoteza tu kama mlivyompoteza ninyi. Mimi ndiye niliyemuua. Dawa yangu imeua figo zake, na choo changu kikamdanganya mpaka asubuhi ya mwisho."

Mzee Maganga akajipiga paja.

"Mnamsikia Mzigua! Ameua mtu, halafu amekuja kwa miguu yake kuangalia kama nyama imeiva!"

Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye mikeka. "Mfungeni kamba!" alidakia mmoja. "Alipe ng'ombe!" Mwingine akajibu, "Ng'ombe Mzigua atamtoa wapi? Alipe choo!" Na wale vijana wa nyuma wakaanza kumwigiza: "Umeamkaje, Mihayo? Umekufa, lakini ni kijani!"

"Jamani, msinicheke," Mwantumu alisema, na sauti yake, sauti ileile ya chooni, ikapanda. "Ninawaambia ukweli. Leo si utani."

Hakuna maneno mabaya zaidi aliyoweza kuyachagua. Tangu dunia iumbwe hakuna mtani aliyeshikwa na kuku wa watu kwapani asiyesema leo si utani. Kicheko kikaanza upya, na safari hii kikatokea na mahali ambapo hakuna aliyekitegemea. Nyamizi, mjane wa Mihayo, aliyekuwa amejikunyata kwenye mkeka wa wanawake, alikuwa akicheka. Alianza kwa mabega, kama mtu anayelia, kisha kikamtoka kizima, akafunua kanga kichwani ajifute machozi.

"Mtani wangu," alisema, akihema. "Umenikumbusha mume wangu alivyokuwa akigombana na wewe chooni. Akirudi nyumbani ananisimulia wewe umesema nini na yeye amekujibu nini. Nilikuwa naona wivu, haki ya Mungu, nikamwambia oa hicho choo." Akacheka tena. "Njoo ukae hapa. Mleteeni chakula. Na mimi nitakula naye."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Maganga akamwinamia Mwantumu sikioni. "Ahsante, mwanangu. Tangu tumzike mtu wetu huyu mama hajatia kitu mdomoni. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Mungu akubariki."

Mwantumu alikaa. Waliwekewa sinia moja la wali na nyama, na Nyamizi akamega tonge, akalisukuma mdomoni, akalitafuna taratibu huku akimtazama mgeni wake kwa macho ya shukrani. Mwantumu naye akamega. Moyoni kulikuwa na kitu kinamnong'oneza kwamba amekwishasema. Amesema hadharani, mbele ya wazee, kwa Kiswahili chepesi kabisa. Kama hawakuelewa, kosa si lake. Amlazimishe mjane aache kula ndiyo haki hiyo? Kamati itakuja, kamati itaeleza. Alihisi nafuu, nafuu tamu kama ya mtu aliyeponea chupuchupu, na palepale aliona aibu kwa kuihisi, aibu ya kweli. Hata hivyo tonge likashuka. Akamega jingine.

Mdogo wake marehemu, Kasanda, alikuja kuwawekea birika na beseni la kunawia wakimaliza. Naye alikuwa mchungaji, wa zamu moja na kaka yake, kijana mwenye bashasha ambaye siku hiyo bashasha ilikuwa imemtoka kidogo. Alipoinama kuviweka chini, Mwantumu aliona miguu yake. Kanda za ndala zilikuwa zimezama ndani ya nyama.

"Mtani," Kasanda alisema akitabasamu, "kesho nikija usinitangaze kwa foleni kwamba nimekunywa pombe ya msiba."

"Kesho unaingia kazini?"

"Naingia. Ruhusa imeisha, na mafagizi hayajigeuzi."

"Miguu imefanya nini?"

"Kukaa tu. Siku nzima nipo chini." Akafikiri. "Na chakula hakinishuki, kila kitu kina ladha ya chuma. Ni majonzi hayo. Lakini figo hazina neno. Asubuhi ya siku ile aliyoanguka kaka nilipita chooni, na wewe mwenyewe ukaniambia kijani."

Wewe mwenyewe ukaniambia. Mwantumu aliuondoa mkono wake kwenye sinia. Alijua kabisa kwamba akikaa kimya mpaka kesho, kijana huyu atakunywa kikombe chake, atasalimiwa kwa sauti hii hii inayomtoka kinywani, lango litafunguka, naye atakwenda kuanguka alipoanguka kaka yake. Na alijua pia kwamba maneno hayatamsaidia. Hapa maneno yake yote yalikuwa kuku wa wizi.

Akafungua kisanduku chake. "Nipe kidole, Kasanda."

"Jamani njooni muone!" Kasanda aliita. "Amemaliza mikojo, sasa ametaka damu!"

Wakaja, wakawazunguka, wamejiandaa kucheka. Mwantumu alijichoma yeye kwanza, akadondosha tone kwenye karatasi, akaiweka kwenye ukingo wa sinia mahali ambapo kila mtu aliiona. Baada ya muda karatasi ikageuka samawati hafifu, kama maji ya kusuuzia nguo. Kisha akamchoma Kasanda. Tone lake lilipoingia, karatasi ilianza na samawati ileile, ikapita, ikawa zambarau, ikaendelea kukolea mpaka ikakaribia weusi.

"Hiyo ndiyo rangi ya Wanyamwezi," alisema kijana mmoja, na wawili watatu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Mwantumu hakutazama watu. Alimtazama Kasanda. "Figo kazi yake ni kuchuja takataka za mwili. Karatasi hii inapima takataka zilizobaki kwenye damu. Yangu ni hii. Yako ni hii. Tulizo inaweza kuifanya seli isilie, Kasanda, lakini haiwezi kuzitoa hizi takataka. Figo zako zinakufa, na mashine yangu haizisikii kwa sababu dawa yangu imezinyamazisha. Kaka yako alikufa hivyohivyo."

"Mtani," Mzee Maganga alisema polepole, "mchezo huu sasa unatisha."

Hapo Nyamizi akaweka chini tonge lililokuwa mkononi mwake. Alilirudisha kwenye sinia kwa uangalifu, akanawa vidole kwenye beseni, akajifuta kwa kanga.

"Yale uliyosema ulipofika," alisema. "Pale ukingoni."

"Ndiyo."

"Yalikuwa ya kweli."

"Yalikuwa ya kweli."

"Na tulipocheka ukakaa." Nyamizi alikuwa akimtazama usoni, bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Ukakaa, ukala na mimi."

Mwantumu alijaribu kutafuta maneno ya kujitetea, na ajabu ni kwamba yalikuwepo mengi, ya kisayansi na ya kibinadamu. "Nilikula," alisema.

Hakuna aliyecheka. Upande wa masufuria mtoto aliuliza kitu na mama yake akamziba mdomo. Aibu iliyomshika Mwantumu wakati ule haikuwa ya nishani wala ya trei. Ilikuwa ya wali uliokuwa bado ukimkaa tumboni. Ilikuwa imemjaa mpaka kwenye masikio. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza kazi, na hilo angalau lilikuwa jema. Alitoa kibao chake cha mkononi, akaingia kwenye mtambo wa Wasikizi wote wa Wembere, ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye tangu siku ya kwanza, akavigeuza vyoo vyote nyekundu. Malango yote yakafungwa. Ilikuwa kazi ya dakika. Angeweza kuifanya tangu siku kile kipande cha figo kilipofika maabara, na hilo nalo aliwaambia.

"Asinywe mtu Tulizo tena. Wote waliokuwa wakiinywa waje nipime damu zao, hapa hapa. Kasanda aende hospitali sasa hivi, gari langu lipo nje, linaijua njia. Wakimwahi kwa mashine ya kusafisha damu, anaweza kupona. Sisemi atapona. Anaweza."

Ndugu wawili wakamshika Kasanda, mmoja huku na mmoja huku, ingawa alikuwa anaweza kutembea. Alipofika ukingoni mwa turubai aligeuka, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kichekesho. Akamtazama Mwantumu, akaufunga, akaingia garini.

Wakapanga foleni. Waliokuwa wakichekea chooni kila alfajiri walisimama sasa mmoja nyuma ya mwenzake, wananyoosha vidole bila kunena. Samawati zilikuwepo, alhamdulillahi, na zambarau zilikuwepo, na kila iliyokolea Mzee Maganga alimtafutia mwenye damu hiyo usafiri, akimwita kwa jina. Simu kutoka kwa mkurugenzi ililia, ikalia tena. Mara ya tatu Mwantumu aliipokea, akasema, "Nimetoa maelezo," akaikata.

Karatasi zilipoisha alikusanya takataka zake, akasimama mbele ya Nyamizi. Alitaka kuomba msamaha, lakini alivyomwona amekaa, mgongo umenyooka, kanga imerudi kichwani, aliona ni kama kumwongezea mjane mzigo mwingine wa kubeba.

"Nitaondoka sasa, mama," alisema. Hakuthubutu kumwita mtani.

"Ungekuwa mtu mwingine ningekufukuza," Nyamizi alisema. "Ningesimama hapa, nikakufukuza mbele ya watu wote. Lakini mtani hafukuzwi msibani, na haondoki mpaka matanga yaishe." Akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni. "Masufuria yako kule."

Mwantumu alikwenda. Wanawake walimpisha, mmoja akamsogezea ndoo ya maji na kipande cha sabuni, mwingine majivu ya kusugulia. Akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti, akaanza kusugua sufuria kubwa la wali lililoungua chini. Alisugua kwa nguvu, kichwa ameinamisha, akisubiri. Mzigua akiosha vyombo kwenye msiba wa Wanyamwezi lazima atukanwe. Aambiwe hajui kuosha, aambiwe anaramba ukoko, aulizwe kama kwao kuna sabuni. Ndivyo ilivyo. Alisubiri mtu amtukane, hata kidogo, hata kwa kumtania mama yake. Maji yakachafuka, akayamwaga, akateka mengine. Wanawake walipita nyuma yake na vyombo vyao, wakaviweka chini taratibu, wakasema "Ahsante" kwa adabu, kama watu wanavyomwambia mgeni.